Kiti cha Kumi na Nne, Safu ya K

Mashine yangu haimjui mtu.
Inajua milia myeusi na upenyo wa kati;
ikiridhika hulia mara moja, kijani,
ikikataa hulia mara tatu, nyekundu,
na hapo kazi inakuwa yangu.

Nasimama mlangoni, Łódź, mwezi wa pili,
kiwanda cha nguo kilichogeuzwa ukumbi.
Mama alifuma mashuka humu miaka ishirini na sita;
mimi nakagua tiketi, na baridi ni ileile.

Saa kumi na mbili na nusu alipita mzee,
kofia ya manyoya, tiketi kaikunja mara nne
kama hati ya deni.
Safu ya K, kiti cha kumi na nne.
Mlio mmoja. Akanishukuru mara mbili.

Kisha kijana wa chuo: K, kumi na nne.
Milio mitatu.
Nikakipangusa kioo, nikajaribu tena. Mitatu.
"Aliyeniuzia alisema dada yake anaumwa, hawezi kuja."
Wote wana dada anayeumwa, wauzaji hawa.
Dada mmoja mgonjwa nchi nzima,
hafi, haponi.

Akaja muuguzi katoka zamu,
viatu vya wodini ndani ya theluji.
K, kumi na nne.
"Bei ilikuwa nusu," akasema, na palepale akajisikia.
Sikumwambia kwamba rahisi inavunja upishi.
Aliyekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia
hahitaji kuhubiriwa habari za gunia.

Wa nne aliondoka kabla sijafungua mdomo.
Alisikia mlio, akajua.

Saa moja na dakika tano, tramu zimekwama kwenye barafu,
akafika Jagoda, anahema, miaka kumi na tisa,
tiketi ya karatasi nene ya dirishani kwetu,
mhuri wetu, risiti imebanwa kwa pini.
K, kumi na nne.
Milio mitatu.

Nikaiinua kwenye taa: alama ya maji ipo,
ukingo una vijino vya mkasi wetu.
Huu ndio mwili; zile nne vivuli,
na kivuli kimoja kimekwisha kuketi.

"Uliipiga picha?"
Alikuwa bado anatabasamu, maskini.
"Siku niliyoinunua. Niliwaonyesha wote mtandaoni."
"Na milia ilionekana?"
Tabasamu likashuka polepole,
kama lifti ya jengo la zamani.

Nimesema hadi koo likakauka:
funika milia kwa kidole unapojisifu.
Ukinunua ya mkono wa pili, mwambie muuzaji
mkabadili jina pale dirishani, nawe umesimama hapo;
akikuambia hana muda, wewe unao.
Usitume pesa kwa mtu usiyemjua hata sauti.
Husikii, kwa sababu unampenda yule mpiga kinanda,
na mapenzi hayasomi maandishi madogo.

Nikaenda safu ya K. Mzee kashavua kofia,
kaiweka magotini, kaifunika kwa viganja
kama kitu chenye joto.
Nikamweleza kwa kunong'ona.
"Zloti mia tatu na arobaini," akasema, si kwangu.
Akaanza kusimama. Magoti yakamchelewesha.
Taa zikazimwa.

Kanuni inasema: mwenye risiti aketi, mwingine atoke.
Nyuma ya safu ya mwisho kuna kigoda changu
cha kupumzishia miguu.
Nilikionyesha kwa kichwa, nikarudi mlangoni,
sikusema ni cha nani.
Nilipochungulia baada ya kipande cha kwanza,
Jagoda alikuwa kwenye kigoda, kidevu juu ya ngumi,
na pale K, kumi na nne,
upara wa mzee uling'aa kidogo katika giza.

Nje, muuguzi hakuwa ameondoka.
Ukuta wa kiwanda ni mnene, matofali safu tatu,
haupitishi sauti yoyote. Nilimwambia.
Aliuegemea hivyo hivyo.