Kadi ya Mia na Kumi na Mbili

Ni mia mbili na kumi na moja. Nimezihesabu mara tatu
juu ya meza ya jikoni, kikombe cha kahawa kikizilinda zisipeperuke.
Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili.
Mbele swali, nyuma jibu, jibu kwa wino wa kijani,
maana wa buluu niliumaliza mwaka jana
nilipoanguka mtihani kwa alama nne.
Alama nne! Unene wa ukope.

Hibbing hulala mapema. Treni ya madini hupita saa tano,
vijiko vinatetemeka kabatini,
nami nanong'ona, Arvid asiamke:
Mteja akitaja jina la anayetaka kumdhuru, siri inakomea wapi?
Mtoto wa miezi tisa akimlilia mgeni, ni dalili ya nini?
Na lile swali lenye sura mia, linalorudi kama mdai:
Afisa wa ustawi wa jamii afanye nini KWANZA?

Kwanza.
Majibu yote manne ni mema, hapo ndipo penye mwiba.

Miaka kumi na tisa nabisha milango ya watu,
navua viatu vyenye theluji, nakaa pale ninapoonyeshwa.
Mikono yangu inaijua kazi hii.
Karatasi ndiyo isiyonijua.

Februari nilimpeleka Tierney Skalko nyumba ya tatu, Duluth.
Miaka kumi na minne. Sanduku lake, mfuko mweusi wa taka.
Hakusema neno mpaka alipozikuta kadi kwenye kisanduku cha gari.
"Nikuulize?"
"Niulize."
Akasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari,
akinisahihisha, akinidhihaki, "Hapo umebahatisha, Bi Lahti,"
na barabara ikapungua bila sisi kuiona.

Kisha akashika moja, sauti ikashuka ngazi.
"Mtoto aliyehamishwa mara nyingi
huweza kukataa kupendwa kabla hajakataliwa.
Afisa afanye nini kwanza?"

Wipa zilifuta. Zikafuta tena.
Jibu nilikuwa nalo, mistari miwili, kijani:
Tambua hisia za mteja. Usiahidi usichokiweza.
"Unalijua?"
"Nalijua."
"Basi sema."

Ulimi ulikuwa mzito kama buti lililoloa.
Nikakata kona, nikaingia kituo cha mafuta,
nikanunua chipsi na maziwa mawili ya chokoleti,
tukala injini ikinguruma, vioo vikifukiza ukungu.
Alichora kitu kwenye kioo chake, akakifuta kwa kiwiko.
"Hilo umekosa," akasema,
akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke Hibbing.
Baadaye, akiutazama mfuko wake wa chipsi:
"Afadhali hukunisomea."

Mlangoni alibeba mfuko wake mwenyewe. Hakugeuka.
Usiku ule nikahesabu: mia mbili na kumi na moja.

Kadi tupu ninazo. Kalamu ninayo. Sijaiandika upya,
na usiniulize kwa nini, mimi mwenyewe najiuliza.
Huenda ameitupa. Huenda ameikunja mara nne
kuutuliza mguu wa kitanda kinachoyumba.
Au anaisoma, na mwandiko wangu mbaya
unamwambia nilichoshindwa kumwambia garini,
na anasema, aha, kumbe jibu lilikuwepo, hakulitoa.
Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mtihani ni Jumamosi, jengo lililo pembeni mwa duka la matairi,
maswali mia na sabini, saa nne, saa ya mkononi unaiacha nje.
Likija swali lile nitabonyeza herufi wanayoitaka.
Nina mkopo wa nyumba. Sina kiburi cha alama moja.
Ila nitabonyeza polepole.

Saa tano. Treni. Vijiko.
Kadi ya mia na kumi na tatu
inauliza kuhusu bajeti ya shirika.