Giza la Siku Kumi

Jumanne beta hakuja kula.
Alilalia jani, ubavu mmoja juu,
mapezi kayafunga kama mwavuli wa mtu aliyekwisha fika kwake.

Nyumba yetu ya Magomeni ina vyumba sita na tangi moja,
liko ukumbini, kati ya mtungi wa gesi na baiskeli ya Mchopa,
na kila mpangaji huchanga mia tano ya umeme wa pampu.
Kwa hiyo kila mpangaji alikuwa na neno.

Mama Tabu: kavimbiwa, mmemshindilia.
Mchopa: baridi hiyo.
Baridi gani, Februari, ukuta wenyewe unatoka jasho?
Bi Siwema hakujibu upesi. Aliutazama mlango wa chumba cha nne,
akasema polepole: jicho.

Mimi ni fundi simu.
Simu ikifika mezani imezima siulizi nani kailaani,
nauliza, imeingia maji?
Huyu naye maji yamemwingia tangu azaliwe.

Nikazima taa. Nikachukua lenzi ninayotafutia nyufa za saketi,
nikammulika tochi ubavuni, si usoni,
na hapo nikauona: unga.
Unga wa dhahabu, laini kuliko poda ya mtoto,
toka matamvua hadi mkiani,
kama aliyepita mlangoni kwa sonara wakati wa kufagia.
"Kapendeza," akasema Tabu, miaka sita.
Kapendeza, kweli.
Kuna maradhi huja yamejipamba.

Beta akajikuna kwenye jiwe.
Akajikuna neoni mmoja, kisha gapi,
nikajua hakuna kumhamishia mgonjwa kwenye ndoo tukadhani yamekwisha:
wadudu hawa hawakupanga chumba,
wamepanga nyumba.

Muuza samaki wa Kariakoo alinisikiliza kwenye simu akihesabu chenji.
Dawa ya shaba, akasema, kidogo,
ukizidisha utazika wote.
Konokono watoe kabla.
Na giza. Wadudu hao hula mwanga kama majani.
Wanyime.

Konokono kumi na saba tukawatoa kwa kijiko,
wakahamia sufuria ya Bi Siwema, naye akalalamika siku zote kumi.
Maji ya bomba tukayalaza ndooni wazi ili klorini iruke;
ya kisima cha jirani hapana, yana chumvi ya kuungia mboga.
Dawa nikaipima kwa bomba la sindano,
mkono unanitetemeka,
mimi ninayeunga waya mwembamba kuliko unywele.
Kisha boksi la friji la Mama Tabu likafunika tangi lote,
na penye ufa, suruali yangu ya harusi ya kaka.

Usiku wa nne umeme ukakatika.
Kelele za pampu tulishazizoea; kimya chake ndicho kilichotuamsha.
Mchopa akachomoa pampu ya baiskeli, nikaifunga kwenye mpira wa hewa,
tukapeana zamu, dakika ishirini, ishirini.
Mle ndani giza, huku nje giza,
tunawapulizia pumzi viumbe tusiowaona.
Hidaya wa chumba cha nne, yule aliyetupiwa lile jicho,
alishika zamu mbili.
Ya pili ilikuwa ya Bi Siwema, aliyepitiwa na usingizi kitini,
na Hidaya hakumwamsha.

Siku ya kumi tukaondoa boksi.
Neoni watatu hawakuonekana, hata mwiba.
Beta alikuja hadi kwenye kioo,
mkia una pengo, wekundu umepauka kama kanzu iliyochuja,
lakini unga hakuna, nilimulika mara tatu.
Na pembeni, juu ya maji, gizani humo humo,
alikuwa amejenga: povu,
vijitone vimeshikana, kitanda kizima,
ndivyo dume anavyofanya akipata nguvu, akimsubiri mke.

Jike hatuna.
"Nani atalala humo?" Tabu akauliza.
Hidaya akasogea aone, Bi Siwema akampisha.

Mchopa akaichukua pampu yake arudi kazini.
Tairi la mbele, kumbe,
siku zote hizo halikuwa na upepo.