Ukurasa wa Kumi na Tatu

Krantz aliingia bila kuvua kofia,
theluji ya mtaani bado mabegani,
akasema: karatasi imepunguzwa, serikali inaitaka.
Majarida mawili yatakuwa moja.
Mashujaa wenu watakutana Ijumaa.

Ijumaa! Na leo Jumanne.
Mimi kazi yangu herufi. Perla Wachtel,
kalamu bapa, wino mweusi, senti arobaini ukurasa;
viputo vya maneno navichora
kabla watu hawajapata midomo.

Anselmo alikuwa na Nyundo wake,
pande la mtu, taya kama tofali la Brooklyn.
Herschel alikuwa na Mtu wa Kioo,
mwembamba, mwanga humpita,
risasi humwonea haya zikapinda.
Na wenyewe hawakusemezana tangu Septemba,
kisa deni la dola sita
na kiti kizuri cha karibu na dirisha.
Sasa meza moja, taa moja.
Fahali wawili,
na zizi lenyewe upana wake inchi kumi na tano.

Kwanza, bila shaka, waliwapiganisha.
Ndivyo mashujaa wanavyoamkiana:
ngumi mbele, jina baadaye.
Kurasa tano Nyundo alibomoa Manhattan
akimsaka mtu asiyeonekana,
kurasa tano Kioo alimcheka toka dirisha la benki,
nami nikaandika PWAA! nikaandika KACHA!
hadi kifundo cha mkono kikavimba.

Ukurasa wa kumi na mbili, adui.
Nyambizi bandarini, na ubavuni ile nembo.
Herschel akaweka penseli chini.
Alikuwa na shangazi Lublin, mshona kofia;
barua alizomwandikia zilirudi
zimefungwa vilevile alivyozifunga.
"Ichore wewe," akamwambia Anselmo.
"Mkono wangu utatoboa karatasi."
Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu Septemba.
Hayakuhitaji kiputo.

Kisha wa kumi na tatu: mashujaa wanashikana mikono.
Mmoja alichora mkono huu, mwingine ule,
vichwa vyao vimeinama chini ya taa, karibu kugongana,
na vidole vilipopishana
kila mmoja ilibidi afute kidogo mstari wake
ili wa mwenzake upite mbele.
Krantz alitaka: PAMOJA, RAFIKI, HADI USHINDI!
Niliyaandika. Ndiyo kazi yangu.
Lakini mimi nilikuwa nahesabu vidole:
kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema,
na chawa huyu alikuwa amekalia nusu ya dunia.

Aprili wakamwita Anselmo.
Walimpeleka Sisilia, na bunduki,
katika milima alikozaliwa mama yake.
Herschel walimkataa kwa sababu ya macho.
Akabaki na mashujaa wote wawili.
Kioo alimtii kama zamani,
lakini taya la Nyundo lilipungua toleo hadi toleo,
mabega yakashuka,
hata mtoto mmoja wa Toledo akatuandikia kwa penseli:
*Je, Nyundo anaumwa?*

Kile kiti cha dirishani
Herschel hakukikalia.
Aliwekea koti lake, siku nyingine sandwichi,
akaendelea kuchora gizani.

Juzi, kona ya Mtaa wa Delancey,
watoto walikuwa wakikusanya karatasi za vita:
vitabu vya simu, magunia ya saruji, magazeti ya Kiyidi,
na juu kabisa, limefungwa kwa kamba ya katani,
toleo letu, jalada limechanika,
ule mkono na ule mkono vimelowa mvua
hadi rangi nyekundu imeingia kwenye buluu.
Nikatoa senti kumi, bei kamili.
Kijana akanitazama
kama mtu aliyeombwa auze daraja.
"Haliuzwi, mama. Ni la vita,"
akasema,
akavuta kitoroli chake,
gurudumu moja likilia.