Tanbihi ya Arobaini na Moja

Daftari la ndugu wa Uamsho, Ilala,
mwaka hamsini na nne. Mchwa wameonja pembe zake.
Dokta Mwaisumo, kule Mlimani, ameniagiza:
usilie nao, wahesabu.
Nikahesabu. Walevi kumi na tisa,
wenye kinyongo saba,
mmoja aliyesinzia kila mahubiri, sasa kachoka kuficha.

Kisha, kwa wino wa zambarau:
"Ndugu Rutaihwa, karani wa reli, amesimama nuruni.
Pampu ya baiskeli ya Bwana Premji aliichukua yeye.
Kesho atairudisha. Tumeimba hadi taa ikaishiwa mafuta."

Rutaihwa ni babu yangu.
Na pampu ipo. Imening'inia stoo kwetu Tabata,
mama huiita urithi.

Hakwenda? Au alikwenda,
Premji akacheka, akamwambia chukua, bwana, ni yako?
Daftari halisemi. Ukurasa unaofuata ni hesabu ya sukari.

Jana niliishusha, nikaisukuma.
Ikatoa pumzi, na vumbi kidogo.

Kwenye jedwali, safu ya wezi,
nimeandika: mmoja.
Kwa penseli.