Watu Mia Sita na Kumi na Moja

Mtoto wa kaka alinipiga picha jikoni, Barka:
"Usicheke, Shangazi, wala usinune.
Kaa kama mtu anayejua kitu."
Nikakaa hivyo.
Chini ya picha nikaandika: fundi wa maji ya bahari,
miaka kumi na tisa nikiyatoa chumvi.
Sikuandika kwamba tangu Shaabani
mtambo umenipa barua,
na barua imenipa usiku mrefu.

Basi nikaokota watu kama mtoto aokotavyo kunazi,
mbichi, mbivu, zilizodonolewa na ndege:
meneja wa Doha,
mkufunzi wa Sharja asiyesema anafundisha nini,
muuza pampu wa Dammam mwenye nembo mahali pa uso.
Kubali. Kubali. Kubali.
Mwezi haujaisha, mia sita na kumi na moja.
"Hongera!" ikasema simu.
Nikawapitia mmoja mmoja
nione ni yupi ningeweza kumgongea usiku
kuomba chumvi.

Kona ya dirisha anaishi buibui.
Jina lake nalivaa kila nikitoka,
kazi yake sijaijua.
Nyuzi zake hazifiki ishirini,
na uguse upi, anajua umeguswa,
anashuka kuangalia.
Mimi zangu mia sita,
hata upepo hauzitikisi.

Usiku mmoja fundi wa Dukum, Elifuraha Mndeme,
akaweka picha ya chujio lake, limevaa ute kama kamasi:
*Maji mekundu yametuingilia. Nani aliwahi kuyaona?*
Watu arobaini walimwekea kidole gumba.
Kidole gumba hakioshi chujio.

Nikamuuliza: mlianza na asidi?
*Ndiyo, dada.*
Ndipo mlipougandisha ute. Anzeni na magadi makali,
maji yawe vuguvugu, loweka, ngoja, suuza;
asidi ije mwisho, kama mgeni rasmi.
Niliandika mpaka adhana ya alfajiri,
vipimo, saa, na lile kosa langu la mwaka wa kwanza
ambalo bosi hakulijua hadi ananifukuza.

Siku ya tatu: *Dada, yanapita.*
Basi. Wala sikuomba zaidi.
Ila Jumatatu akabisha Wafaa wa Suhar,
halafu kijana wa Fujaira, mwenye haya,
swali lake akilizunguka kama mposaji.
Nani kakuelekeza kwangu?
*Mndeme.*
Nikafungua daftari la zamani, lenye madoa ya kutu,
nikawajibu kwa zamu.
Nikahesabu tena: watu watatu.

Jana usiku Mndeme karudi:
*Dada Thuwaiba, siku hizi uko mtambo gani?*
Nilifuta majibu mawili yenye maringo.
Nikaandika: Nyumbani.
Chini ya neno hilo vidoti vitatu
vikaanza kutikisika.