Ulimi kwenye Jiwe la Kunolea

Kwetu, bonde la Idrijca, nyuki hafi kama ng'ombe.
Nyuki hufariki.
Neno tunalompa mtu tunampa na yeye,
na Februari, theluji ikiwa bado imekaba milango ya mizinga,
tunaandikiana kwenye kundi: kwangu wamefariki wa mizinga miwili,
kwako je?

Ufunguo wa kundi ninao mimi, Zdenka,
karani kwa sababu siku ya kura nilitoka kuchemsha chai.

Watu arobaini na mmoja.
Bogomir ndiye aliyetufunza asidi ya kuulia utitiri,
gramu ngapi, baridi ya kiasi gani.
Mkono wake haujawahi kuvaa glavu.
Ulimi wake vilevile.

Neža alipouliza (mizinga mitatu, mwaka wa kwanza)
kama malkia aliyeacha kutaga ni mgonjwa,
Bogomir akajibu: Muulize mume aliyekuacha.
Vicheko kumi na saba. Nilivihesabu.
Kimoja kilikuwa changu.

Kesho yake, neno jingine. Kisha saa tisa usiku.
Kisha picha ya lango lake, bila maneno,
baiskeli ya mwanawe imeegemea ua.
Nilipomwandikia kando, akasema: Mzaha tu, Zdenka.
Au siku hizi tena mnafunga watu kwa mzaha?

Alijua anagonga wapi.
Nilikuwa na miaka saba walipomchukua baba
kwa maneno kumi na moja aliyoyasema kilabuni
kuhusu picha iliyoning'inia ukutani.
Watu walicheka, mmoja akaenda kushtaki.
Miezi kumi na minne.
Aliporudi, aliomba chumvi kwa kidole.

Basi niliapa: sitaziba kinywa cha mtu.
Wiki tatu kidole changu kikaelea juu ya jina la Bogomir
kama nyigu juu ya jemu,
kikaondoka.

Hadi nilipotafuta jina la Neža
nikakuta ujumbe wake wa mwisho una siku ishirini na mbili.
Hakuna aliyemtoa. Hakuna aliyemwambia nyamaza.
Yumo, wa thelathini na nane kwenye orodha,
kimya
kama kidole cha baba kikielekea chumvi.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, najua.
Ila jipu hili liko mwilini mwa nani?

Bandani, nikitafuta viatu vya theluji,
nikakutana na kibao cha mzinga wa bibi, rangi imebabuka:
mashetani wawili wananoa ulimi wa mwanamke
kwenye jiwe la kunolea visu.
Utotoni kilinichekesha.
Nilipekua vibao vyote. Ulimi wa mwanamume
haukuchorwa popote.

Nikachapisha maneno yake, kurasa nne,
nikapanda mlima,
nikaziweka mezani kati ya mkate na kisu.
Soma, nikasema. Kwa sauti.
Mkewe, Jerica, akazima redio.
La kwanza alisoma akicheka. La pili.
Alipofika langoni akasema miwani imeingia ukungu.
Jerica akanyoosha mkono: Lete, nisome mimi.

Nilimwambia: Niite mpumbavu. Kiite chama genge.
Sema asidi yangu ni maji, sema mawaziri ni wezi,
hayo nitakulindia hata nikiwa nimefura kwa hasira.
Lango la mtu silo hoja.

Nikamtoa jioni hiyo. Mkono ulitetemeka.
Watano wakamfuata; mmoja akaniita
kwa jina la wale waliomchukua baba.
Sijamjibu. Kuna usiku naona ana robo ya haki.
Na wa kumuuliza kuhusu utitiri, sasa hatuna.

Neža aliandika Aprili, mstari mmoja:
Malkia anataga. Ni kawaida kulia?

Ni kawaida, nikamjibu.
Usisahau glavu.