Njuga

Njia ya Bushika haina upana wa watu wawili.
Huku kahawa, huku korongo,
na mwaka wa tohara ukifika
kijiji kizima hupita humo kama uzi,
bega kwa mgongo, njuga mapajani.
Anayeruka mbele hajafika mbali;
mruko wake ndio uliofika,
kwa jirani, kwa jirani wa jirani,
hadi mkiani kwa shangazi Khainza mwenye unga usoni.
Hakuna aliyeubeba. Wote waliubeba.

Sasa nautafuta Kampala, chumba cha chini, saa tisa usiku,
juu ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha,
kilichokatwa mshazari hadi kikawa matuta,
tuta juu ya tuta, kama shamba la baba,
na juu ya kila tuta safu ya dhahabu
upana wake atomu moja.
Elektroni zikisukumwa humo hazina pa kukwepea.
Mbele au nyuma, basi.
Narusha nyingine kutoka nje; zinarudi zimepungukiwa nguvu,
na kwa upungufu huo nalisikia wimbi.
Vitabuni ni plazmoni.
Moyoni naliita njuga.

Juma lililopita nilikoleza.
Kipimo kidogo, kama magadi kwenye malewa:
chembe za fedha, zenye elektroni za kugawa.
Wimbi likapanda, likawa kali, lenye haraka.
Nikaandika daftarini: safu ikisongamana, mdundo hupanda.
Nikaenda kulala nikiwa na furaha ya kijinga.

Oksijeni sikuitia mimi.
Ilipenya kwenye vali iliyochoka
usiku ule umeme ulipokatika mara tatu.
Ikakaa ukingoni mwa tuta, ikapokonya,
ikaukata uzi vipande vipande.
Wimbi halikufa.
Likawa linagonga ukuta na kurudi, linagonga na kurudi,
fupi, kama mtu anayetembea chumbani akingoja simu.

Nikakumbuka udongo ulipoporomoka
chini ya kwa Wabomba, katikati ya ngoma.
Waliokuwa juu wakacheza juu,
waliokuwa chini wakacheza chini.
Tulisikiana. Hatukufikiana.

Dokta Mugwisa anasema nifute vipimo vya oksijeni:
hiyo ni ajali, si jaribio.
Sijavifuta.
Faili nimeipa jina, Khainza,
na kila nikiifungua naongeza sauti ya kompyuta,
ingawa najua haina sauti.